Siku Nne Alizonyamaza Mutsumi

Jina lililoandikwa juu ya fomu lilimfanya Tokunaga Mutsumi aisome mara mbili kabla ya kuinua macho. Hidaka Nagisa, miaka kumi na saba, maumivu ya muundi wa kushoto, wiki ya tatu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwishoni mwa Oktoba, katika hospitali ndogo iliyo kando ya mto, mkoani Yamagata. Mutsumi alikuwa mpiga picha za mifupa hapo, mwaka wake wa nne sasa. Kwenye benchi la nje alikaa msichana mwembamba kama ufito wa mwanzi, amevaa jaketi la timu, na pembeni yake mama aliyevaa miwani ya jua ingawa mawingu yalikuwa yameufunika mji mzima. Mama huyo alikuwa akitazama mlango wa kuingilia kila baada ya muda, kama mtu aliyeiba.

Katika mji ule Hidaka mwenye binti mkimbiaji alikuwa mmoja tu. Kocha Hidaka Kiyonori. Mutsumi hakuwa amelitamka jina hilo kwa miaka tisa, lakini haikupita siku asilikumbuke.

Alimkumbuka kila alipopanda ngazi. Alimkumbuka kila baridi ilipoingia na skrubu tatu zilizomo nyongani mwake zikaanza kuuma.

Alijiunga na timu ya Kocha ya mbio ndefu za barabarani za kupokezana akiwa na miaka kumi na mitano. Kila alfajiri wasichana walipanga foleni mbele ya mizani, na Kocha akasoma uzito wa kila mmoja kwa sauti. "Tokunaga, gramu mia tatu zaidi. Jana ulikula nini, ng'ombe na pembe zake?" Wenzake walicheka, maana asiyecheka alijua zamu yake inakuja. Msimu wa majani mekundu, wakati kila ukoo wa Yamagata unashuka mtoni kupika supu ya majimbi na nyama ya ng'ombe, timu nayo ilikuwa na sufuria yake. Wazazi walipika, lakini aliyeshika upawa ni Kocha. "Waliozidi kilo arobaini na mbili, mchuzi mtupu." Mutsumi alikunywa mchuzi wake huku akiyaangalia majimbi chini ya sufuria, kama mtu anayewaangalia ndugu zake kupitia dirisha la treni iliyokwisha kuondoka.

Akiwa na miaka kumi na sita hedhi yake ilikoma. Ilikuwa imemjia tangu miaka kumi na miwili, mwezi hadi mwezi, bila shida. Alikwenda kumwarifu Kocha, kwa sababu Kocha alitaka kuarifiwa kila jambo la miili yao. Kocha akapiga makofi.

"Hongera. Sasa mwili wako umeelewa kwamba tuko kazini. Msichana anayepata hedhi kila mwezi bado anacheza."

Siku hiyo Mutsumi alirudi nyumbani kifua mbele.

Kwa miaka miwili aliwashinda wasichana wote wa mkoa. Nyonga ilimuuma, akaambiwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kisha, kwenye mbio kubwa za mkoa, zikiwa zimebaki mita mia sita amkabidhi mwenzake mkanda wa timu, ule unaovaliwa begani na kupokezwa badala ya kijiti, mfupa wa paja ulikatika pale juu unapoingia nyongani. Aliusikia mlio wa mfupa, mkavu, kama wa kijiti kinachovunjika. Akaanguka juu ya lami. Kocha alikuwa amesimama kando ya barabara, hatua tano tu, mikono mfukoni.

"Tambaa," alimwambia. "Na mkanda usiguse chini."

Naye alitambaa. Alitambaa kwa viwiko na goti moja mpaka wasimamizi walipokuja kumzuia. Siku ya tatu baada ya upasuaji Kocha alifika wodini, hakuketi, hakuuliza hali. Aliuliza mkanda uko wapi. Mama yake Mutsumi akautoa kwenye mfuko, Kocha akaukunja mara nne, akaondoka nao.

Kwa muda mrefu Mutsumi aliamini kosa ni lake. Alisomea upigaji picha za mifupa chuoni Sendai, akawa msichana wa miaka ishirini na miwili asiyelala vizuri, mwenye ngozi kavu, vidole vya barafu hata Julai, na moyo usiofurahishwa na chochote. Hedhi alikuwa amekwisha kuisahau. Siku moja darasani walifundishwa kutumia mashine ya kupimia uimara wa mifupa, wakawa wanapimana wao kwa wao. Zamu yake ilipofika na namba ikatokea kwenye skrini, aliyeishika mashine akadhani amekosea, akampima tena. Namba ikarudi ile ile. Ilikuwa mifupa ya bibi wa miaka sabini.

Mwalimu alimpeleka kwa Daktari Murao Chizuko, bingwa wa magonjwa ya wanawake, mama mfupi mwenye sauti kavu asiyependa kuzunguka mbuyu.

"Hedhi ya mwisho lini?"

"Miaka sita iliyopita, Daktari."

"Na hakuna aliyeshtuka?"

"Nilipongezwa."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimtoa damu, akampima kichwa na shingo na vifuko vya mayai, maana, alisema, mambo yanayoweza kumfanya msichana awe hivi ni mengi: tezi iliyolegea, uvimbe mdogo chini ya ubongo, mayai yaliyokwisha kabla ya wakati. Yote hayo hayakuwemo. Majibu yalipotimia alimkalisha tena.

"Sikiliza, mwanangu. Iko homoni inaitwa estrojeni. Watu wanadhani kazi yake ni kuleta hedhi na watoto basi. Hiyo ndiyo inayoulinda mfupa usiliwe kwa ndani. Ndiyo inayolainisha ngozi, inayokupa usingizi, inayokupa hamu ya kuamka. Wewe unayo kidogo kuliko mama yako aliyekwisha kukoma hedhi. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ya mazoezi?"

"Kwa sababu ya njaa. Mwili ni mama mwenye nyumba. Chakula kikipungua, anazima moto kwenye vyumba visivyo vya lazima. Chumba cha kwanza kuzimwa ni hicho cha uzazi. Ulikimbia kilomita ishirini kwa siku kwa mchuzi mtupu. Kukoma kwa hedhi hakukuwa ushindi wa mwili, kulikuwa kilio chake."

"Kwa hiyo sikuvunjika kwa sababu nilikuwa dhaifu?"

"Wewe? Ulitambaa na nyonga iliyokatika. Udhaifu wako uko wapi hapo?" Kisha Daktari akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi. "Mwaka juzi niliwafundisha makocha wa mkoa wako jambo hili hili. Niliwaonyesha picha. Huyo wako alikaa mstari wa mbele. Aliuliza swali moja tu: binti akitibiwa, ataongezeka kilo ngapi?"

Mutsumi aliagizwa kula, kupumzika, na kubandika tumboni kiraka kidogo cha homoni mara mbili kwa wiki, pamoja na vidonge vya kumeza siku kadhaa za kila mwezi. Ilichukua mwaka na nusu mpaka mwili uweze wenyewe bila kiraka. Siku hedhi iliporudi, mama yake alimpikia wali mwekundu wa kunde, kama alivyompikia alipovunja ungo, na baba akatoka uani kujifanya anafagia. Mutsumi alikula bakuli tatu. Na ni siku hiyo hiyo, kijiko kikiwa mkononi, chuki yake ilipokomaa. Mtu aliyejilaumu miaka yote hana nafasi ya kumchukia mwingine. Sasa nafasi ilikuwepo, pana, na aliyeingia humo alikuwa Hidaka, mstari wa mbele, akiuliza kuhusu kilo. Daktari alikuwa amemwambia mifupa itaongezeka kidogo, lakini haitafika pale ambapo ingefika. Deni hilo la mwili halikuwa na wa kulilipa.

Na leo binti wa mtu huyo alikuwa amelala juu ya meza ya mashine yake.

"Usitikisike, Nagisa. Dakika tano tu."

"Sawa, Dada."

Picha ya muundi ilikuwa imekwisha kutoka. Ufa ulionekana mbele ya mfupa, mwembamba kama unywele. Sasa mashine ilikuwa ikipima uti wa mgongo na nyonga, kama daktari wa zamu alivyoagiza.

"Hedhi yako ya mwisho?" Mutsumi aliuliza. Swali hilo limo kwenye fomu.

Msichana aliona haya. "Bado haijaanza."

"Hata mara moja?"

"Baba anasema nitapata nikistaafu kukimbia." Alicheka kidogo, kisha akamtazama Mutsumi alivyokuwa akitembea kuzunguka meza, akivuta mguu wa kulia. Kicheko kikakatika. "Dada, nikuulize? Wewe ndiye Tokunaga? Yule wa kwenye video?"

"Video gani?"

"Ile uliyoanguka. Baba anatuonyesha kila mwaka wageni wakiingia kwenye timu. Wazazi pia wanaitwa." Nagisa alisita. "Anasema ulikuwa na miguu ya dhahabu na moyo laini kama tofu. Kwamba ulitambaa kwa sababu ulikuwa unajihurumia."

Mutsumi alisimama nyuma ya kioo, akaiona namba ikitokea kwenye skrini. Mifupa ya Nagisa ilikuwa mibovu kuliko yake mwenyewe siku ile darasani. Na jambo ambalo baadaye lilimtia aibu kuliko yote ni hili: kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha. Ilimpanda kutoka tumboni, ya moto na tamu, kama pombe ya mchele iliyopashwa.

Mbio kubwa za mkoa zilikuwa Jumapili hiyo. Nagisa ndiye aliyepangiwa kipande kirefu.

Majibu ya picha hayatolewi na mpiga picha. Hiyo ndiyo sheria, na Mutsumi hakuwahi kuivunja. Yalipaswa kwenda kwa daktari wa mifupa, Sakuma, ambaye angeyasoma Ijumaa. Sakuma huyu alikuwa pia daktari wa timu, na mshirika wa Kocha katika uvuvi wa samaki mtoni. Kila mtu hospitalini alijua atakachoandika: bandeji, dawa ya maumivu, apumzike Jumatatu baada ya mbio.

Kwa hiyo kisasi cha Mutsumi kilikuwa chepesi mno. Hakikuhitaji sumu wala barua. Kilihitaji afanye kazi yake kama kawaida na afunge mdomo. Mfupa ule usingevumilia kilomita sita za lami. Hidaka angesimama kando ya barabara, mikono mfukoni, na safari hii anayetambaa angekuwa damu yake.

"Nimemaliza," alimwambia Nagisa. "Majibu utapewa na daktari."

"Asante sana, Dada. Samahani kwa kuuliza ile habari."

Jumatatu ikapita. Jumanne baada ya kazi alipita kwenye tuta la mto kuwaangalia wakifanya mazoezi. Hidaka alikuwa na mvi sasa, lakini filimbi ilikuwa ile ile. Nagisa alikuwa amejifunga muundi kwa utepe wa buluu. Mutsumi aliwatazama kama mkulima anavyotazama mpunga ulioiva, akaenda zake. Jumatano aliomba ruhusa ya Jumapili.

"Unakwenda wapi?" mkuu wake aliuliza.

"Kuangalia mbio."

"Wewe? Nilidhani unazichukia."

"Nazichukia," alisema Mutsumi, na akatabasamu kwa namna iliyomfanya mkuu wake aache kuuliza.

Hata chakula kilikuwa na ladha siku hizo. Alikula samaki wa kuchoma, akaongeza wali, akamfikiria Hidaka akiita jina la mwanawe. Alijiuliza kama naye angemwambia atambae. Mara mbili uso wa Nagisa ulimjia, ule uliosema samahani, na mara mbili akausukuma. Mimi je, alijiambia, nani alinisemea?

Alhamisi alasiri mama yake Nagisa alirudi peke yake. Safari hii hakuvaa miwani. Jina lake Sanae, mwanamke wa miaka arobaini na tano aliyezoea kusema kwa kunong'ona.

"Samahani kukusumbua. Majibu ya binti yangu hayajatoka?"

"Daktari Sakuma atayasoma kesho, Mama."

"Sakuma." Sanae aliinamisha kichwa. "Basi nimekwisha kuyajua." Hakuondoka. Alishika ukingo wa dirisha la mapokezi kwa vidole viwili. "Tokunaga, mimi nakufahamu. Kila mwaka Kiyonori akiiwasha ile video, mimi hutoka ukumbini kwenda kupanga vikombe vya chai. Miaka tisa. Nasikia kupitia ukuta unavyolia, nami napanga vikombe. Sikuwahi kumwambia hata neno moja. Nilijiambia si mwanangu." "Sasa ni mwanangu, na bado nimemleta huku kwa kujificha."

Mutsumi alimtazama mwanamke yule ambaye alikuwa amenyamaza miaka tisa, na ghafla hakuweza kumhukumu, kwa sababu kila neno lilimrudia yeye. Hata yeye alikuwa akipanga vikombe. Tofauti ni kwamba Sanae alinyamaza kwa woga, yeye alinyamaza kwa raha.

"Mama, yuko wapi saa hizi?"

"Mazoezini. Leo ni mbio za majaribio, za mwisho kabla ya Jumapili."

"Gari lipo?"

"Gari?"

"Ndiyo. Una gari?" Mutsumi alikuwa amekwisha kuvua koti la kazi. "Mfupa una ufa. Mifupa yake yote ni ya kizee. Nimejua tangu Jumatatu. Twende."

Sanae hakuuliza swali hata moja. Aliendesha kama mtu anayezima moto. Lakini barabara ya shule ina taa tatu za kuongoza magari, na zote tatu ziliwaka nyekundu, na walipofika uwanjani wasichana walikuwa wamesimama wakiuzunguka mwili uliolala kwenye kona ya mwisho.

Nagisa alikuwa amejikunja, ameshika mguu, halii. Hidaka alikuwa juu yake.

"Simama. Umeteguka tu. Simama, unawavunja wenzako moyo."

Mutsumi aliwapita wasichana, akapiga magoti kwa shida upande wa mguu wake mzima. Alimwambia mmoja alete mkeka wa mazoezi, akaukunja kuuzunguka mguu, akaufunga kwa mataulo.

"Nani amekuruhusu kuingia hapa?" Hidaka aliuliza. Kisha akamtambua. "Tokunaga."

"Ndiye."

"Ondoa mkono wako kwa mwanangu."

"Mfupa umekatika, Kocha. Ulikuwa na ufa. Niliupiga picha Jumatatu mimi mwenyewe."

Hidaka alikuwa mtu mwepesi wa hesabu. "Jumatatu," alisema polepole. "Na leo ni Alhamisi. Na hukusema."

Wasichana wote walikuwa wakisikia. Sanae alisikia. Nagisa, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya mama yake, alifumbua macho. Mutsumi angeweza kuitaja sheria ya hospitali. Ilikuwa pale, safi, tayari kumkinga.

"Sikusema," alijibu. "Nilitaka Jumapili ifike. Nilitaka kuuona uso wako yeye akiwa chini. Sasa nimeuona, na uso wako ni ule ule. Umemwambia asimame."

Sanae ndiye aliyejibu, na safari hii hakunong'ona. "Kiyonori, sogea. Unatuzibia njia ya gari."

Jioni hiyo hiyo Mutsumi alimpigia simu Daktari Murao, akamweleza yote bila kujipaka mafuta. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimgeuza mtoto kuwa jiwe la kumpigia baba yake," alisema.

"Ndiyo, Daktari."

"Sitakufariji."

"Sikuomba."

"Vizuri. Kesho mlete kwangu. Na mwambie mkuu wako wa kazi kabla hajasikia kwa mtu mwingine." Mutsumi alikwenda kumwambia. Alipewa onyo la maandishi na akaondolewa kwenye mashine kwa miezi mitatu, akawa anapanga majalada. Hakulalamika.

Wiki mbili baadaye shule iliwaita wazazi. Timu haikushiriki mbio, na mji ulikuwa ukiongea. Hidaka alikuwa bado kocha, na alidhani jambo hili atalimaliza kama alivyoyamaliza mengine. Alisema ajali ni sehemu ya michezo. Alisema vijana wa sasa wamekosa moyo. Kisha, kwa mazoea au kwa kiburi, akazima taa na kuwasha ile video.

Mutsumi alikuwa amekaa nyuma kabisa, kiti cha mwisho, ambako Sanae alimwalika. Hakuwahi kuiona. Alijiona akiwa na miaka kumi na minane, mikono kama vijiti vya kulia chakula, akijivuta juu ya lami na mkanda umeinuliwa juu. Aliitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Taa zilipowaka alisimama, akatembea katikati ya viti mpaka mbele. Safari ilikuwa ndefu na mguu wake ulisikika sakafuni.

"Msichana huyo ni mimi," aliwaambia wazazi. "Kwenye video hamsikii alichoniambia Kocha. Aliniambia nitambae, na mkanda usiguse chini. Mfupa ulikuwa umekatika hapa." Aliweka kiganja nyongani. "Nilikuwa sijapata hedhi miaka miwili. Mtoto asiyekula vya kutosha, mwili wake unaacha kutengeneza homoni inayoulinda mfupa. Huyu bwana alifundishwa hilo na daktari, ana kwa ana. Mimi nilivunjika kabla hajafundishwa. Nagisa amevunjika baada ya kufundishwa. Hiyo ndiyo tofauti yangu naye."

"Unaongea kwa chuki," Hidaka alisema.

"Kwa chuki kabisa. Lakini je, ni uongo?"

Mzazi mmoja, baba mwenye duka la zana za kilimo, aliinuka. "Sisi tutajuaje kama ni kweli? Timu ilikuwa inashinda."

Hapo Sanae alikuja mbele akiwa na sanduku la biskuti. Daktari Murao alikuwa amemshauri. Siku iliyotangulia kila msichana wa timu alikuwa ameandika kwenye karatasi, bila jina, hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini. Sanae alizisoma moja baada ya nyingine, mbele ya mumewe, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Miezi saba. Mwaka mmoja. Mwezi uliopita. Mwaka na miezi minne. Haijaanza. Sikumbuki." Karatasi zilikuwa kumi na nne. Kumi na moja zilisema hedhi imekoma au haijaanza. Alipomaliza ya mwisho, mama mmoja katika mstari wa pili alikuwa amejifunika uso, na yule baba mwenye duka alikuwa amekaa chini bila mtu kumwambia akae.

Mwalimu mkuu alikohoa. Hidaka aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Mtu aliyezoea kupuliza filimbi na watu wakakimbia, akaona hakuna anayemtazama isipokuwa Mutsumi. Alipiga magoti. Kisha akaweka viganja sakafuni na kipaji cha uso juu yake.

"Tokunaga," alisema huko chini. "Nisamehe."

Mutsumi alikuwa ameiota sauti hiyo kwa miaka mingi. Katika ndoto zake alilia, au alimpiga teke, au alimsamehe na moyo ukawa mwepesi. Sasa alisubiri moja ya hayo yatokee. Hakuna lililotokea. Aliona tu mvi na shingo ya mzee.

"Inuka," alimwambia. "Sakafu ni ya baridi, na mimi sina cha kukupa."

Hidaka aliacha kazi kabla ya theluji ya kwanza. Hakuna shule ya mkoa iliyomchukua tena, na Daktari Sakuma naye alijiondoa kimya kimya kwenye mambo ya timu. Sanae alihamia kwa mama yake pamoja na Nagisa. Mwanamke mmoja aliyewahi kukimbia zamani aliletwa kuwa kocha mpya, na jambo la kwanza alilofanya ni kuitupa mizani. Mwaka uliofuata timu ilishika nafasi ya tisa. Hakuna aliyevunjika.

Nagisa alikuwa akija hospitalini kila mwezi, kwanza kwa magongo, baadaye bila. Alikuwa ameanza viraka vya homoni, mashavu yamejaa, na amekuwa mbishi, jambo ambalo Daktari Murao alilihesabu kama dalili ya kupona. Mutsumi alimwogopa. Alikuwa amekwisha kumwomba radhi kwa maandishi, hakupata jibu. Mwezi wa nne wa matibabu alijikaza, akamfuata kwenye benchi.

"Nagisa, nilikukosea. Zile siku nne."

Msichana alikuwa akimenya yai la kuchemsha. Hakuinua macho. "Bado nina hasira na wewe."

"Una haki."

"Mama anasema nikusamehe. Daktari anasema nisiharakishe." Alilitia yai chumvi. "Lakini nimewaza. Baba angekuwa amenionyesha mimi kwenye video miaka tisa, mimi ningesubiri mpaka Jumapili."

Alikula yai lote, akafuta mikono, akaingia kupimwa.

Mutsumi alimwona Hidaka mara moja zaidi, majira ya machipuko, nje ya posta. Alikuwa amebeba mfuko wa vitunguu na alionekana mfupi. Alipomwona alisimama, akainama kwa heshima, mgongo ukalala kabisa, akakaa vile vile akisubiri. Katika mji ule hata adui humrudishia adui yake salamu ya kuinama, hata kwa kidevu tu. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutazama.

Mutsumi alimpita, kichwa juu, akaenda kununua stempu.